Kikombe cha Mgeni na Kikombe cha Mtoto

Somo la jamaa nzima: wema wa kila siku nyumbani

Katika somo la leo hatutasema juu ya mbuzi wa maziwa wala mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo tutaingia ndani ya nyumba, tuketi pale karibu na jiko, tujiulize: sisi tunaoishi chini ya paa moja tunatendeana namna gani? Kuna watakaosema, "Ah, hayo ni mambo ya watu na nyumba zao, si maendeleo." Tunawaomba hao wasome kwanza mpaka mwisho.

JAMBO LILILOTOKEA

Msichana mmoja wa miaka 9, ambaye hatutataja jina lake wala kijiji chake, aliachiwa jioni moja kazi ya kuwapikia wadogo wake uji. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko mikono yake. Alipokuwa akiiepua, uji ulimwagika. Mwingine ulianguka chini, mwingine ukamwangukia mguuni.

Je, alipiga mayowe? Hapana. Alipangusa sakafu upesi upesi, akaongeza maji kwa ule uji uliobaki usije ukaonekana umepungua, kisha akavaa soksi. Mama yake aliporudi kutoka sokoni alikuta watoto wameshiba na nyumba imefagiliwa. Akafurahi, akalala.

Mtoto alienda shuleni hivyo siku 3. Siku ya 4 mwalimu wa zamu alimwona akichechemea, akamwambia avue kiatu. Soksi ilikuwa imeshikana na kidonda na usaha umeanza. Alipelekwa zahanati, na mama akaitwa. Alipofika alilia, akamwuliza, "Lakini mwanangu, mbona hukuniambia?"

Mtoto akajibu, "Niliogopa utaniuliza kama mimi ni kipofu."

Mama huyo ndiye aliyetuomba tuyaandike maneno hayo. Alisema hayajatoka masikioni mwake mpaka leo. Na tafadhali msidhani ni mama mbaya. Yeye ni mweka hazina wa kikundi chao. Kukiwa na matanga, yeye ndiye wa kwanza kufika na kuni, na wa mwisho kuondoka. Hata kupiga watoto, hana tabia hiyo. Yalikuwa ni maneno tu: "Wewe ni kipofu?" "Hiyo mikono ni ya nini?" "Mtoto gani huyu hasikii?" Kila siku kidogo, kama vile sisi wengine tunavyosema bila hata kujisikia. Kidonda kilipona, alama ikabaki.

TUNAJIFUNZA NINI HAPA?

Watu wengi hudhani wema wa nyumbani ni kitu cha kuongezea juu, kama sukari katika chai: ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo tutakunywa tu. Sisi tunasema sivyo. Wema wa kila siku ndio unaomwezesha mtu wa nyumba kusema habari mbaya mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ukikosekana, kila mtu huvaa soksi juu ya kidonda chake.

Hebu tuangalie. Kuna baba aliyesimamishwa kazi, naye kila asubuhi anavaa viatu anatoka kama kawaida, kwa sababu anajua jinsi bibi yake atakavyomcheka. Kuna mama aliyechukua mkopo wa simu akashindwa kulipa, akachukua mwingine ili alipe ule wa kwanza, na mzee wake bado hajui. Kuna kijana aliyefukuzwa shule ya upili ambaye anashinda stejini mpaka saa kumi jioni ndipo arudi nyumbani. Kuna nyanya ambaye hasikii vizuri siku hizi, lakini anatikisa kichwa tu asije akaambiwa anasumbua watu. Kila mmoja wao ana habari ambayo ingesemwa leo ingekuwa ndogo. Ikisemwa baada ya miezi 6 itakuwa imeuza ng'ombe.

Ndiyo maana tunasema ni jambo la maendeleo. Kikundi kinaweza kuwa na tangi la maji na mradi wa kuku, lakini kama ndani ya nyumba watu wanafichana, mradi huo unaliwa na madeni ambayo hakuna aliyeyasema.

Sote tunaijua hadithi ya mwana mpotevu. Tunapoisoma tunaangalia sana dhambi zake na karamu aliyofanyiwa. Lakini tuangalie pia jambo hili: akiwa kule kwa nguruwe, alikumbuka namna hata watu wa kuajiriwa walivyokuwa wakila na kusaza kwa baba yake. Wema aliouona pale nyumbani zamani, siku za kawaida, ndio uliomwonyesha njia ya kurudi. Je, mtoto wetu akiharibikiwa huko Nairobi au Mombasa, atakumbuka nini juu ya nyumba yetu?

VIKOMBE VIWILI

Jaribu kukumbuka siku mgeni alipovunja kikombe nyumbani kwako. Ulisema nini? Bila shaka ulisema, "Pole sana! Hujakatwa? Wacha, wacha, si kitu, ni kikombe tu." Ukafagia wewe mwenyewe, ukamletea chai katika kikombe kingine.

Sasa kumbuka siku mtoto wako alipovunja kikombe kama hicho. Bei ni ile ile, duka ni lile lile. Ulisema nini?

Tulipouliza swali hili katika mkutano wa kikundi kimoja, watu walicheka kwanza. Halafu wakanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Basi ni afadhali nizaliwe mgeni katika nyumba yangu." Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka tena.

Tunajua kuwa wapole. Tunaonyesha upole huo kanisani, kwa chifu, kwa mwenye duka anayetukopesha, hata kwa kondakta wa matatu. Hatuwezi kusema kwamba tulizaliwa na hasira. Tunachagua mahali pa kuipeleka, na mara nyingi tunaipeleka kwa wale ambao hawana mahali pengine pa kwenda.

KWA NINI TUNAKUWA WAKALI KWA WATU WETU?

Ya kwanza ni uchovu, na uchovu haukugawanywa sawa. Mwaka wa 2021 Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilifanya uchunguzi wa jinsi Wakenya wanavyotumia wakati wao. Lilipata kwamba wanawake hutumia zaidi ya masaa 4 kwa siku katika kazi za nyumbani na kutunza watu, bila malipo. Wanaume hutumia chini ya saa 1. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hapo hatujahesabu mtungi wenyewe. Mama aliyeuleta mara mbili tangu alfajiri, akalima, akapika, kisha akaulizwa jioni, "Hata chai hakuna?", si ajabu akimlipukia mtoto. Baba naye aliyeshinda akibeba mawe mjengoni halafu akalipwa nusu, naye ana uchovu wake. Tusiwalaumu tu, tuwapunguzie mzigo.

Ya pili, tunasema, "Wanajua nawapenda." Wanajuaje? Mtoto hawezi kusoma moyo wako. Anasoma uso na sauti.

Ya tatu, wengi wetu tulilelewa hivyo, nasi tunasema, "Mimi nilikaripiwa na nikawa mtu." Ni kweli. Lakini jiulize ni mambo mangapi uliyowaficha wazazi wako, na ni mangapi kati ya hayo yangekwisha mapema kama ungeweza kuyasema.

Ya nne, tunadhani ukali ndio heshima. Baba akiingia watoto wanatoka kwa mlango wa nyuma, naye anafikiri anaheshimiwa. Hapana, ndugu yetu. Hiyo ni hofu, na hofu haina faida kwako siku utakapozeeka.

JINA LA MTOTO NI JINA LA NANI?

Katika jamii zetu nyingi, kama vile Wakamba na Wakikuyu, mtoto hupewa jina la babu au nyanya. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa ajili ya kujaza karatasi ya kuzaliwa. Mtoto aliyebeba jina la mama yako, unamwita "mama", na unamwita kwa heshima hata kama bado anatambaa. Huo ulikuwa ni mlinzi wa ulimi. Ungewezaje kumwita mjinga mtoto ambaye ni mama yako?

Mila hii bado tuko nayo, lakini tumeiacha kwa jina tu. Turudishe na ile heshima yake. Kabla hujamtukana mtoto, lisikilize jina ambalo uko karibu kuliunganisha na tusi hilo.

TUANZE WAPI?

Wema si lazima uwe na pesa. Hapa kuna mambo 6 ambayo nyumba yoyote inaweza kuanza nayo leo jioni.

1. Swali la kwanza liwe juu ya mtu, si juu ya kitu. Kitu kikianguka, uliza "Umeumia?" kabla ya kuuliza "Umevunja nini?" Ni neno moja tu. Kama yule msichana angekuwa amelizoea neno hili, angepiga kelele jioni ile ile na mguu wake ungetiwa maji baridi mara moja.

2. Tusalimiane. Kuna nyumba ambazo watu huamka, wakapishana mlangoni, wakaenda kazini na shuleni bila hata "umelalaje?" Lakini njiani wanasalimia kila mtu. Ukiingia nyumbani, salimia walio ndani kwa majina. Mtu akianza kukueleza jambo, weka simu chini. Mtoto anayezungumza na baba anayetazama simu hujifunza upesi kunyamaza.

3. Tuseme asante, pole na nisamehe. Asante kwa bibi kwa chakula kile kile cha kila siku. Asante kwa mzee aliyetengeneza ua. Pole kwa mtoto aliyetembea mvuani. Na la mwisho ndilo gumu: mzazi kumwambia mtoto, "Nilikukaripia bure, nisamehe." Wengine wanaogopa kwamba hapo watapoteza cheo. Sisi tumeona kinyume chake. Mtoto aliyewahi kuombwa msamaha ndiye anayejua kuomba msamaha.

4. Tumtazame aliyechoka. Kila jioni kuna mtu mmoja aliyechoka kuliko wengine. Leo ni mama, kesho ni kijana aliyekuwa na mitihani, kesho kutwa ni baba. Mpokee mzigo mlangoni. Mletee maji ya kunawa. Kijana wa kiume anaweza kuosha vyombo, na vidole vyake havitaanguka. Baba akichukua ule mtungi wa pili, hakuna mzee wa kijiji atakayemtoza faini!

5. Tusiwaache wazee nje ya mazungumzo. Ni rahisi kumpa nyanya chakula na kumsahau pale kwa kiti. Chakula amepata, lakini mtu hakupata. Mweleze mambo ya nyumba: nani ameanza shule, ng'ombe gani ana mimba. Muulize, hata kama jibu unalijua. Kama hasikii, keti mbele yake aone midomo yako, useme polepole. Usimpigie kelele kutoka jikoni.

6. Tukosoane kando. Kosa la bibi lisisemwe mbele ya watoto. Kosa la mume lisipelekwe kwa chama. Kosa la mtoto lisisimuliwe mbele ya wageni ili wacheke. Mwite kando, mwambie kosa moja, lile la leo, bila kufukua yale ya mwaka jana.

NENO FUPI JUU YA MTU ALIYEUNGUA

Kwa sababu tumeanza na mguu wa mtoto, tusiondoke bila kusema la kufanya. Mtu akiungua kwa maji ya moto, uji au chai, toa nguo au soksi iliyolowa kama haijashikana na ngozi. Mwagia mahali pale maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, kwa muda wa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke zahanati. Mtoto akiwa ameungua, usingoje kesho.

WEMA SI KUFUNIKA UOVU

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Hatusemi watoto waachwe wafanye watakalo. Mtoto afundishwe, aonywe, apewe kazi inayolingana na umri wake, na akikosa arekebishwe. Yule aliyevunja kikombe anaweza kufundishwa namna ya kukishika na kupewa kazi ya kufagia vigae. Maonyo hayahitaji matusi, kama vile dawa haihitaji kuwa chungu ndipo iponye.

Pia hatusemi kwamba mama anayepigwa avumilie kwa jina la wema, au kwamba mtoto anayeumizwa anyamaze ili asiaibishe ukoo. Huo si wema, ni soksi nyingine juu ya kidonda. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa asidhulumiwe wala kutelekezwa. Kifungu cha 57 kinasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Na tangu mwaka wa 2015 tuna sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa ukatili majumbani. Mtoto aliye hatarini, au mtu mzima anayejua habari zake, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116. Kwa mambo ya mume na mke kupigana na ukatili mwingine wa kijinsia, nambari ni 1195. Ziandikeni mahali ambapo kila mtu wa nyumba ataziona.

HATA SISI BADO

Isionekane kwamba sisi tunaoandika somo hili tumefika. Tulipokuwa tukilitayarisha, mmoja wetu alirudi nyumbani usiku akakuta taa imeachwa ikiwaka sebuleni. Alifungua kinywa kuanza ile hotuba yake ya stima, kisha akakumbuka anachoandika mchana. Akauliza tu, "Ni nani bado hajalala?" Alikuwa ni kijana wake, ameketi na barua ya shule mkononi, akimngoja. Jambo lililokuwa katika barua hiyo halikuwa zuri. Lakini lilisemwa usiku ule, na asubuhi wakaenda shuleni pamoja. Mwenzetu alituambia, "Kama ningeanza na taa, barua ingerudi kwenye mkoba."

Haba na haba hujaza kibaba. Hatutabadilisha ndimi zetu kwa juma moja. Siku nyingine tutasahau, tutapiga kelele, kisha tutarudi kusema pole. Kurudi huko nako ni sehemu ya wema.

KAZI YA JUMA HILI

Kwa siku 7, kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, ajaribu lile jambo la 1: kuuliza juu ya mtu kabla ya kuuliza juu ya kitu. Jumapili jioni ketini pamoja baada ya chakula. Kila mmoja aseme jambo moja jema alilotendewa na mtu wa nyumba hiyo. Anzeni na mdogo kabisa, mzazi awe wa mwisho. Msimkatize anayesema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tulipokuwa watoto, ni jambo gani tuliloogopa kuwaambia wazazi wetu? Lilitokea nini baadaye?

2. Ni maneno gani tunayowaambia watu wetu ambayo hatungethubutu kumwambia mgeni?

3. Katika nyumba zetu, nani huchoka kuliko wote? Ni kazi gani moja tunayoweza kumwondolea?

4. Mtu wa nyumba yako akiwa na habari mbaya leo, atamwambia nani kwanza? Kama si wewe, kwa nini?

5. Ni mila gani nyingine za wazee wetu zilizotufundisha kuheshimiana nyumbani? Tunawezaje kuzirudisha?

Viongozi wa vikundi, swali la 4 lisiharakishwe. Wapeni watu nafasi ya kunyamaza kidogo, na asiyetaka kujibu asilazimishwe. Yatakayosemwa humo yabaki humo.

Yule mama wa mwanzo bado ana ile sufuria. Amenunua nyingine ndogo ya kupikia uji, na binti yake amefundishwa kuiepua kwa vitambaa viwili. Juzi mtoto huyo alivunja glasi. Mama alikuwa nje, akasikia kishindo, halafu akasikia sauti ikimwita: "Mama! Nimevunja glasi, njoo uone!"

Alituambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kufurahia glasi iliyovunjika namna hiyo.